MAJUMBA YA ZEGE YA ZAMANI NA TETEMEKO LA ARDHI: NAMNA YA KUYAPIMA KABLA YA MAAFA

(Haya ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa umma na wakaazi wa majumba ya ghorofa ya Unguja na Pemba. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)





Usiku wa Jumatano, tarehe 12 Agosti 2020, baada ya saa mbili kupita kidogo, ardhi ilitikisika katika mwambao wa Tanzania. Kitovu cha tetemeko hilo kilikuwa baharini, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, upande wa Mafia, na ukubwa wake ulikuwa takriban 6. Mtikisiko ulisikika Dar es Salaam na Unguja, na watu wengi waliokuwa katika majumba marefu waliteremka ngazi mbio. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu hapakuripotiwa maafa makubwa. Hata hivyo, tukio lile liliacha suali ambalo halikupaswa kusahauliwa asubuhi yake: je, jengo la zege lililojengwa miaka hamsini iliyopita, ambalo halikukusudiwa kupambana na tetemeko, litasimama iwapo mtikisiko utakuwa mkubwa zaidi na karibu zaidi?

Mazungumzo haya hayakusudii kumtia hofu mtu yeyote, wala hayatoi hukumu juu ya jengo lolote lililopo Visiwani. Makusudio yake ni kueleza jinsi suali hilo linavyojibiwa kitaalamu, na nini wajibu wa mwenye nyumba, wa mkaazi na wa mtumishi wa umma katika kulijibu.

HALI YA MATETEMEKO KATIKA ENEO HILI

Wapo wanaodhani kwamba tetemeko ni habari ya Japani na Uturuki tu. Dhana hiyo si sahihi. Bonde la Ufa linapita katika Afrika ya Mashariki, na ardhi ya pande zake mbili inaachana polepole mwaka hadi mwaka. Tarehe 13 Disemba 1910 tetemeko lenye ukubwa wa takriban 7.4 lilipiga eneo la Rukwa, nalo linahesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa barani Afrika katika karne ya ishirini. Tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, watu zaidi ya 15 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba zikaharibika.

Baharini nako hakuko salama moja kwa moja. Nyufa zinazohusiana na Bonde la Ufa zinaendelea chini ya Bahari ya Hindi, na tetemeko la mwaka 2020 ni ushahidi wa hilo. Katika kisiwa cha Mayotte, ambacho ni jirani katika funguvisiwa la Ngazija, matetemeko mfululizo yalianza mwezi wa Mei 2018, na moja lilifikia ukubwa wa 5.9. Mwaka 2019 wataalamu waligundua kwamba volkano mpya ilikuwa imezaliwa katika sakafu ya bahari, mashariki ya kisiwa hicho.

Ni kweli kwamba hatari ya mwambao huu ni ndogo ikilinganishwa na ya nchi zilizotajwa mwanzo. Lakini hapo hapo ndipo penye mtego. Palipozoea matetemeko, majengo hutayarishwa kwa ajili yake. Pasipozoea, mhandisi wa zamani alihesabu uzito wa jengo, uzito wa watu na vitu vyao, na nguvu ya upepo, kisha akafunga daftari lake. Tetemeko la wastani linaweza kufanya madhara makubwa mahali ambapo halikutarajiwa.

Itafaa pia kukumbuka maana ya vipimo hivi. Ukubwa ukipanda kwa nambari moja, kwa mfano kutoka 5 hadi 6, nguvu inayotoka ardhini huongezeka kiasi cha mara 32. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba jengo lake limeshajaribiwa na tetemeko la mbali, na kwamba mtihani umekwisha.

TETEMEKO LINALIFANYA NINI JENGO

Abiria aliyesimama ndani ya daladala anaelewa jambo hili vizuri. Gari ikiondoka ghafla, miguu yake huondoka pamoja na gari, na kiwiliwili chake hubaki nyuma. Jengo nalo ni hivyo hivyo. Ardhi inapovutwa upande mmoja, msingi huondoka nayo, na sakafu za juu huchelewa kwa sababu ya uzito wake. Kabla hazijafuata, ardhi inarudi upande wa pili. Nguzo za jengo ndizo zinazovutana baina ya msingi unaokwenda na sakafu zinazobaki. Kadiri jengo linavyokuwa zito, ndivyo mvutano huo unavyokuwa mkubwa.

Nguzo ya zege ni imara sana katika kubeba mzigo unaoshuka chini. Inapolazimishwa kupinda kwenda na kurudi, tabia yake hubadilika. Zege lenyewe halipendi kuvutwa, hupasuka. Kwa sababu hiyo hutiwa nondo za wima, ambazo huvumilia mvuto. Lakini nondo za wima peke yake hazitoshi. Zege la ndani ya nguzo likishapasuka hutaka kumwagika nje, na nondo zilizobanwa hutaka kuchomoza kama ufito uliokunjwa. Kinachozuia yote hayo ni ringi, yaani zile nondo nyembamba zinazozunguka nguzo, kama pete za chuma zinavyozunguka pipa la mbao. Ringi zikiwa karibu karibu na ncha zake zikiwa zimekunjwa kuingia ndani ya zege, nguzo inaweza kujeruhiwa vibaya na bado ikaendelea kubeba jengo. Ringi zikiwa mbali mbali, nguzo huvunjika ghafla bila ya onyo.

Dunia ilipata somo hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 9 Februari 1971 tetemeko la San Fernando, katika jimbo la California, liliibomoa vibaya hospitali ya Olive View, ambayo ilikuwa mpya kabisa. Wahandisi waliokwenda kutazama waliona ajabu katika jengo lile lile: nguzo zilizozungushiwa nondo mfululizo kama springi zilikuwa zimeinama sana lakini bado zimebeba, na nguzo za pembeni zenye ringi chache zilikuwa zimesagika. Zege lilikuwa la zama moja na mafundi walikuwa wa zama moja. Tofauti ilikuwa ni ringi.

Baada ya hapo kanuni zilibadilishwa. Mjini Los Angeles majengo ya zege yaliyoidhinishwa kabla ya mwaka 1977 yanahesabiwa kuwa ya zamani. Japani ilikaza masharti ya ringi mwaka 1971 na ikatoa kanuni mpya mwaka 1981. Na tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995, lililoua watu zaidi ya 6,400, lilithibitisha kwamba majengo yaliyofuata kanuni za 1981 yalistahamili zaidi kuliko yaliyotangulia.

Ikumbukwe kwamba fleti nyingi za Serikali Visiwani, za Kikwajuni, Kilimani na Michenzani kwa upande wa Unguja, na zile za Wete, Chake Chake na Mkoani kwa upande wa Pemba, ni matunda ya miaka ya sitini na sabini. Ni majumba yaliyowapa wananchi wengi makaazi bora, na heshima yake katika historia ya nchi haipungui. Lakini kwa tarehe zake, ni ya zama zile ambazo somo la ringi lilikuwa bado halijaenea duniani.

DALILI ZINAZOTAZAMWA

Mkaguzi anapolifikia jengo la zamani huwa na mambo kadhaa ambayo macho yake yanayatafuta.

La kwanza ni ghorofa ya chini iliyo wazi. Ghorofa za juu zina kuta za vyumba, na chini pana maduka au maegesho, hapana kuta. Jengo la namna hiyo ni kama sanduku zito lililowekwa juu ya miguu myembamba. Tetemeko likija, sakafu za juu huenda kama kitu kimoja, na mateso yote huziangukia nguzo za chini. Katika matetemeko ya Uturuki ya tarehe 17 Agosti 1999 na tarehe 6 Februari 2023, majumba mengi ya fleti yenye maduka chini yaliangamia kwa sababu hiyo ikichanganyika na zege hafifu na ringi chache. Tetemeko la mwaka 2023 liliua watu zaidi ya 50,000 katika nchi ya Uturuki peke yake.

La pili ni nguzo fupi. Mara nyingi ukuta wa matofali hujengwa mpaka nusu ya nguzo, na juu yake pakaachwa dirisha refu la kupitisha upepo, kama ilivyo katika skuli na afisi nyingi. Sehemu ya chini ya nguzo imeshikwa na ukuta, na ile fupi ya juu ndiyo inayolazimishwa kupinda peke yake. Badala ya kupinda hukatika mshazari.

La tatu ni umbo. Jengo lenye umbo la herufi L, au lenye ngazi na kuta nzito upande mmoja tu, husokotwa linapotikiswa. Aidha, majengo mawili yaliyojengwa karibu mno hugongana, hasa pale ambapo sakafu za jengo moja zinalingana na nguzo za jirani yake.

La nne ni viungo. Tarehe 7 Disemba 1988 tetemeko la Spitak, katika Armenia iliyokuwa ya Kisovieti, liliua watu wapatao 25,000. Katika mji wa Leninakan, ambao sasa unaitwa Gyumri, fleti za ghorofa tisa zilizounganishwa kwa nguzo na boriti zilizotoka kiwandani ziliporomoka kwa wingi. Katika mji huo huo, majumba yaliyojengwa kwa vipande vipana vya ukuta wa zege yalisimama. Somo lake si kwamba kila kilichotoka kiwandani ni kibaya, bali ni kwamba jengo la vipande lina nguvu kiasi cha viungo vyake. Mkaguzi asiyejua vipande vimeunganishwa vipi hajajua lolote.

La tano ni ardhi. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ukubwa wa 8 lilitokea pwani ya Mexico, zaidi ya kilomita 350 kutoka mji mkuu. Mji huo umejengwa juu ya tope la ziwa la kale, na tope lile lilikuza mtikisiko. Katika mtaa wa fleti wa Tlatelolco, jengo lililoitwa Nuevo León lilikuwa na sehemu tatu. Mbili zilianguka na kuua mamia ya watu. Wakaazi walikuwa wameshalalamikia hali ya msingi wa jengo hilo kabla ya siku ile. Kwa upande wa Mji wa Zanzibar, inajulikana kwamba baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo palikuwa na mkono wa bahari ambao ulifukiwa wakati wa ukoloni. Jengo lililosimama juu ya ardhi iliyofukiwa haliwezi kupimwa kwa kipimo kimoja na lililosimama juu ya mwamba wa matumbawe.

La sita, na ambalo kwa kisiwa ni zito kuliko yote, ni kutu. Nondo iliyo ndani ya zege zuri hulindwa na zege lenyewe. Lakini upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi hupenya. Ikiwa mchanga uliotumika ulichotwa ufukweni bila ya kuoshwa, adui ametiwa ndani tangu siku ya kwanza. Nondo inaposhika kutu huvimba, kwani kutu hutaka nafasi kubwa zaidi kuliko chuma kilichoizaa, na hivyo hulipasua zege kutokea ndani. Huanza mstari mwembamba unaofuata nondo, kisha madoa ya rangi ya hudhurungi, kisha vipande vya zege kubanduka na nondo kuonekana. Ringi ndizo zinazoliwa mwanzo, kwa sababu ni nyembamba na ndizo zilizo karibu na uso wa nguzo. Kwa hiyo hata jengo lililojengwa na ringi za kutosha linaweza kuwa limezipoteza.

HATUA ZA TATHMINI

Si lazima, wala haiwezekani, kila jengo lifanyiwe uchunguzi wa gharama kubwa. Tathmini huenda kwa ngazi, na kila ngazi huchuja.

Ngazi ya kwanza ni ya karatasi na macho. Hutafutwa michoro ya asili, mwaka wa ujenzi, na kumbukumbu za matengenezo. Kisha mkaguzi hulizunguka jengo, huhesabu ghorofa, hutazama dalili zilizotajwa, na hujaza fomu yenye alama. Nchini Marekani shirika la FEMA lilitoa mwongozo wa ukaguzi wa namna hii mwaka 1988, na umekuwa ukirekebishwa tokea hapo. Fomu hiyo haisemi jengo hili litaanguka. Husema jengo hili litazamwe zaidi.

Ngazi ya pili ni ya hesabu nyepesi. Mwaka 1997 wahandisi Hassan na Sozen walitoa njia iliyokusudiwa hasa maeneo ambayo matetemeko ni nadra, wakitumia mafunzo ya majengo yaliyopigwa na tetemeko la Erzincan, Uturuki, mwaka 1992. Kinachotakiwa ni utepe wa kupimia na subira. Hupimwa eneo la nguzo na kuta zilizopo ghorofa ya chini, na hulinganishwa na eneo la sakafu zote zinazobebwa. Nguzo huhesabiwa nusu ya eneo lake. Kuta za zege huhesabiwa kamili. Kuta za matofali zilizojazwa baina ya nguzo huhesabiwa sehemu moja ya kumi.

Chukulieni mfano wa kubuni. Jengo lina sakafu tano zinazobebwa, kila moja mita za mraba 400. Jumla ni 2,000. Chini lina nguzo 24, kila moja sentimita 30 kwa 40. Eneo la nguzo zote ni mita za mraba 2.88, nusu yake ni 1.44, ambayo ni asilimia 0.072 ya sakafu zote. Kwa upana wa jengo zipo kuta za matofali za jumla ya mita 60, zenye unene wa sentimita 15, yaani mita za mraba 9. Sehemu yake ya kumi ni 0.9, sawa na asilimia 0.045. Kwa urefu wa jengo, ambako ndiko kwenye madirisha na milango, kuta kamili ni mita 20 tu, na hesabu yake ni asilimia 0.015. Jumla kwa upana ni 0.117, na kwa urefu ni 0.087. Tetemeko halichagui upande, kwa hiyo jengo hupewa kile kipimo kidogo: 0.087.

Sasa jengo la pili liwe sawa na hilo kwa kila kitu, ila ngazi zake zimezungukwa na kuta za zege zinazofuata urefu wa jengo, mita 6 kwa unene wa sentimita 20. Ukuta huo mdogo unaongeza asilimia 0.06, na kipimo cha upande ule kinapanda hadi 0.147. Majengo haya mawili yakitazamwa kutoka barabarani huenda yakafanana kama mapacha, lakini mhandisi mwenye fedha za kuchunguza jengo moja tu sasa anajua aanze na lipi.

Na tuseme wapangaji wa chini wa jengo la kwanza wamezivunja zile kuta za mita 20 ili wafungue maduka. Kipimo kinashuka kutoka 0.087 hadi 0.072, karibu moja ya sita imepotea, na hakuna nguzo iliyoguswa. Haya ndiyo yanayofanyika kila siku kwa nyundo na patasi, bila ya kibali na bila ya mtu kujua kwamba ameuza nguvu za jirani zake wote wa juu.

Ngazi ya tatu ni ya kuliuliza jengo lenyewe. Chombo cha sumaku hupitishwa juu ya nguzo kutafuta nondo zilipo, ringi zimepishana kwa umbali gani, na zimefunikwa na zege la unene gani. Hukatwa vipande vya zege vya mviringo na kupelekwa maabara kuvunjwa, ili ijulikane nguvu ya zege kama lilivyo leo, si kama lilivyoandikwa katika mchoro. Juu ya zege lililovunjwa karibuni hunyunyizwa dawa ya fenolifthaleini: linapogeuka rangi ya waridi, zege bado linailinda nondo, linapobaki vile vile, ulinzi umekwisha. Hupimwa pia kiasi cha chumvi kwa kina mbali mbali. Mahali pachache hubanduliwa zege ili nondo ionekane kwa macho, na baadaye hufunikwa vizuri.

Ngazi ya nne ni ya hesabu kamili ya mhandisi, akiwa na ushahidi wote mkononi. Japani imekuwa na utaratibu wake tangu mwaka 1977, ambao ni mwepesi kueleweka. Mambo matatu huzidishwa pamoja: nguvu ya jengo na uvumilivu wake wa kupinda, umbo lake, na umri na uchakavu wake. Jawabu likiwa chini ya 0.6 jengo huhesabiwa kuwa na mashaka. Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba jambo moja baya huyavuta mengine. Jengo imara lenye umbo baya hupunguziwa, na jengo zuri lililotelekezwa likaliwa na kutu hupunguziwa pia. Nambari hiyo ni ya Japani na imekadiriwa kwa matetemeko ya Japani. Mwambao huu unahitaji kipimo kinacholingana na hatari yake. Lakini njia ya kufikiri ni moja.

BAADA YA KUPIMA

Jambo linalowafanya wakaazi wengi waogope ukaguzi ni dhana kwamba mkaguzi akija, amri ya kuhama inamfuata nyuma. Kwa hofu hiyo ufa hufunikwa kwa lipu na kupakwa rangi kabla ya mgeni kufika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na walisema kweli. Lakini ufa wa nguzo ukizibwa kabla ya kutazamwa, kilichozibwa ni mdomo wa shahidi.

Jengo lililogundulika kuwa dhaifu si lazima libomolewe. Nguzo huweza kuvalishwa koti jipya la zege na ringi za karibu karibu, au kufungwa kwa mabamba ya chuma. Ghorofa iliyo wazi huongezwa kuta za zege au mihimili ya chuma ya mshazari. Uzito usio wa lazima huondolewa juu. Ukuta ulioikaba nguzo fupi huachanishwa nayo kwa mwanya. Na haya yote huweza kufanywa kwa awamu. Mji wa Los Angeles, katika sheria yake ya mwaka 2015, uliwapa wenye majengo ya zege ya zamani, baada ya kupewa taarifa, miaka 3 ya kuwasilisha fomu ya ukaguzi, miaka 10 ya kuwasilisha uthibitisho au mipango ya kuimarisha au kubomoa, na miaka 25 ya kumaliza kazi. Mji tajiri ulihitaji robo ya karne. Nchi yenye uwezo mdogo haina sababu ya kuona haya kwa kwenda polepole. Ila haina udhuru wa kutoanza.

Wapo watakaosema kwamba fedha hizo zingefaa zaidi katika maji na hospitali, na hoja yao haipaswi kubezwa. Jawabu ni kwamba kwa kisiwa sehemu kubwa ya kazi hii ni ile ile ya kupambana na kutu na mizigo ya ziada, ambayo huliangusha jengo hata bila ya tetemeko. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo lilianguka na kuua watu zaidi ya 20. Ardhi haikutikisika siku hizo. Anayelipima jengo kwa ajili ya tetemeko amelipima kwa ajili ya siku ya kawaida pia.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mkaazi wa fleti anaombwa asivunje ukuta wowote, hata ule unaoonekana kuwa wa kugawa chumba tu, bila ya ushauri wa mhandisi na kibali cha mwenye jengo. Asikate nguzo wala boriti kwa ajili ya kupitisha bomba. Azingatie kwamba lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja; matangi kumi ya lita 2,000 yaliyopandishwa darini ni tani 20, na uzito ulio juu kabisa ndio unaolitesa jengo zaidi linapotikiswa. Akiona mstari wa ufa unaofuata nondo, doa la kutu, au kipande cha zege kilichodondoka, aandike tarehe na mahali, asikifunike, na apeleke taarifa kwa wanaosimamia jengo.

Ikitokea ardhi kutikisika, mtu aliye ghorofani asikimbilie ngazi wakati mtikisiko unaendelea. Ajikinge chini ya meza imara, mbali na madirisha na makabati, na atoke kwa utaratibu mtikisiko ukisita. Aliye karibu na ufukwe, akisikia mtikisiko mkali au wa muda mrefu, aelekee mahali pa juu bila ya kusubiri tangazo, kwani bahari huweza kufuata.

Mtumishi wa umma naye anaombwa atazame kabati lake la mafaili. Michoro ya asili ya majumba ya Serikali, vibali vya mabadiliko na ripoti za matengenezo ni nusu ya tathmini. Mchoro mmoja uliohifadhiwa vizuri huokoa kukata nguzo nyingi kwa ajili ya kutafuta kilichomo ndani. Faili lililoliwa na mchwa huirudisha kazi mwanzo. Idara inayotoa kibali cha kufungua duka chini ya fleti ijiulize kwanza kuhusu kuta zitakazoondolewa. Na inapopokewa barua ya mkaazi inayoeleza ufa, isiwekwe chini ya nyengine. Watu wa Tlatelolco nao walikuwa wamelalamika.

Ndugu wananchi, hakuna mwanachuoni wala chombo kinachoweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Elimu hiyo ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini nguzo ngapi zimebeba jengo, ringi zake ziko umbali gani, na kutu imekula kiasi gani, hayo si mambo ya ghaibu. Yanapimika kwa utepe, kwa dawa na kwa hesabu, na kazi hiyo inaweza kuanza na jengo moja, lile lenye kipimo kidogo kuliko yote.